Kadi tatu na kompyuta moja: jinsi ya kuanza kuzijua injini za utafutaji za zamani

Anza na karatasi, kompyuta itakuja baadaye. Kwenye darasa langu la jioni hapa Morogoro, ninakofundisha matumizi ya intaneti, somo la injini za utafutaji huanza kwa kalamu huku mashine zote zimezimwa. Wanafunzi wengi hufika wamezoea kuiuliza Google kama anavyoulizwa mtu, sentensi nzima, na Google inawajibu. Ukiwauliza jibu lile limetoka wapi, kimya. Mimi hilo linanisumbua sana, kwa sababu asiyejua jibu limetokaje hana namna ya kujua nini kimeachwa nje.

Ndiyo maana nawarudisha kwenye injini za mwaka 1990 hadi 1998. Zilikuwa ndogo, kazi yake yote mtu anaweza kuishika kichwani kwa jioni moja, na kadhaa kati yake bado unaweza kuzigusa leo. Hapa chini nimeandika somo lenyewe kwa mpangilio ninaoutumia, ili ulifanye mwenyewe nyumbani. Unahitaji karatasi, kalamu, na kompyuta au simu yenye intaneti. Simu inatosha, ila skrini pana inasaidia.

Kadi tatu

Kata karatasi vipande vitatu. Kila kipande kihesabu kuwa ukurasa mmoja wa tovuti. Andika hivi:

Kadi ya 1: Wakulima wa mwani Paje wauza kwa bei ndogo
Kadi ya 2: Bei ya mwani yapanda Zanzibar
Kadi ya 3: Hoteli nzuri Paje, Zanzibar. Mwani mwani mwani mwani

Sasa chukua karatasi nyingine, orodhesha kila neno lililomo kwenye kadi hizo kwa alfabeti, na mbele ya kila neno weka namba za kadi lilimo. Utapata bei: 1, 2. Mwani: 1, 2, 3. Paje: 1, 3. Wakulima: 1. Zanzibar: 2, 3. Endelea mpaka maneno yaishe.

Hiyo ndiyo faharasa, sawa na ile iliyo nyuma ya kitabu cha kiada. Watu wengi hudhani injini inakwenda kupekua intaneti pale wanapobonyeza kitufe. Sivyo. Kurasa ilishazisoma zamani. Unapouliza inafungua faharasa tu. Mtu akitafuta "mwani bei", chukua orodha mbili, 1, 2, 3 na 1, 2, kisha bakiza namba zilizomo kote kuwili. Zinabaki kadi ya 1 na ya 2. Fanya kwa kidole, usifanye kichwani. Wanafunzi wangu wanaofanya kwa kidole hawasahau.

Halafu tafuta "mkulima". Hakuna kitu. Kadi ya 1 inawazungumzia wakulima waziwazi, lakini faharasa ina "wakulima" peke yake, na kwa mashine hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Weka alama ya kwanza hapo.

Mwisho tafuta "mwani". Kadi zote tatu zinaitika. Ipi ikae juu? Ukihesabu neno limetajwa mara ngapi, kadi ya 3 inashinda, na hiyo ni tangazo la hoteli. Weka alama ya pili. Alama zote mbili tutazirudia, kwa sababu ndimo injini za zamani zilimokwama.

Kumbe basi injini yoyote ina kazi tatu: kukusanya kurasa, kutengeneza faharasa, na kupanga majibu. Kila jina utakalokutana nalo kuanzia hapa liulize: huyu alifanya ipi kati ya hizo tatu?

Wakati hapakuwa na wavuti

Kunja kadi zako ili maandishi yafichike, libaki tu jina "Kadi ya 1", "Kadi ya 2", "Kadi ya 3". Hivyo ndivyo Archie ilivyoiona dunia. Archie ilianza mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na aliyeiandika ni Alan Emtage, kijana mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma hapo. Wavuti tunayoijua, kazi ya Tim Berners-Lee kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ilikuwa haijafunguliwa kwa watu. Kilichokuwepo ni seva za FTP, yaani kompyuta za vyuo na taasisi ambazo mtu yeyote angeweza kuingia na kuchukua mafaili, mradi ajue faili lenyewe liko kwenye seva gani. Archie ilizipitia seva hizo, ikachukua orodha za majina ya mafaili na kuziweka pamoja. Ukiitajia jina, inakuambia liko wapi. Ndani ya faili kuna nini, haikujua.

Jambo moja kuhusu Archie linanigusa kama mtu wa huku. Ilipokea maswali hata kwa barua pepe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo na ofisi kadhaa za Afrika Mashariki zilikuwa na barua pepe ya FidoNet tu: ujumbe unakusanywa, simu inapigwa, mzigo wote unatumwa kwa mkupuo. Mtu wa namna hiyo hakuwa na intaneti ya moja kwa moja, lakini angeweza kumwandikia Archie swali na kusubiri jibu kwenye mzigo unaofuata. Mwaka 2024 watu wa The Serial Port, wanaohifadhi mitambo ya intaneti ya zamani, waliifufua Archie na kuiweka mtandaoni tena, kwa hiyo ukipenda kuiona ikifanya kazi tafuta majina hayo mawili pamoja.

Baada ya Archie ilikuja Gopher, mwaka 1991, kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota. Gopher ni menyu tupu: unachagua mstari, inafunguka menyu nyingine, mpaka unafika kwenye maandishi. Mwaka 1992 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, wakatengeneza Veronica, iliyokusanya vichwa vya menyu hizo kutoka seva nyingi ili mtu avitafute mahali pamoja.

Hii ijaribu sasa hivi. Fungua kivinjari chako, andika gopher.floodgap.com/gopher na usubiri. Floodgap wamejenga mlango unaopitisha Gopher kwenye kivinjari cha kawaida, na ndani yake kuna Veronica-2, mrithi wa ile ya kwanza. Tafuta neno moja tu, kwa mfano zanzibar. Angalia majibu yalivyo: mistari mitupu, hakuna picha, hakuna muhtasari, hakuna tangazo. Kila mstari unakubidi uufungue ndipo ujue umepata nini. Kaa hapo robo saa. Wanafunzi wangu hulalamika dakika tano za mwanzo, halafu wanaanza kusoma.

Roboti zinaanza kutembea

Mwaka 1993 wavuti ilishaanza kukua, na hapakuwa na seva moja yenye orodha kamili ya kurasa zote. Ilibidi iandikwe programu itakayofungua ukurasa, ifuate viungo vilivyomo, ifungue kurasa za upande wa pili, na kuendelea hivyo hivyo. Programu hiyo tunaiita roboti, wengine huiita buibui. Ya kwanza kujulikana ni ya Matthew Gray wa chuo cha MIT, Marekani, Juni 1993, naye aliitengeneza ili apime ukubwa wa wavuti.

Mtu ninayependa kumtaja kwa kirefu ni Jonathon Fletcher. Alikuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Stirling, Uskochi, na Desemba 1993 alifungua JumpStation. Irudie ile hesabu ya kazi tatu: JumpStation ilikuwa na roboti ya kukusanya, ilikuwa na faharasa, na ilikuwa na kisanduku cha mtu kuandika neno na kupewa majibu. Vitu hivyo vyote kwa pamoja, juu ya wavuti, hakuna aliyekuwa amevifanya kabla yake. Faharasa yake ilibeba vichwa vya kurasa na vichwa vidogo vya ndani tu, maana mashine aliyokuwa nayo isingeweza zaidi. Kufikia Juni 1994 ilikuwa na maingizo 275,000 kutoka seva 1,500. Hakupata fedha ya kuiendeleza, akaondoka chuoni mwishoni mwa mwaka huo na JumpStation ikazimwa. Kila ninapofika hapa darasani nasimama kidogo, kwa sababu muundo wa kila injini tunayotumia ulikuwa tayari kwenye mashine ile moja ya Stirling.

Roboti zilileta taabu nazo. Seva za wakati ule zilikuwa dhaifu, na roboti iliyoandikwa ovyo ilifungua kurasa kwa kasi mpaka seva ikazidiwa. Martijn Koster, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Uingereza na mwenye injini yake iitwayo ALIWEB, alipendekeza mwaka 1994 kwamba kila tovuti iweke faili moja dogo la kuziambia roboti ziingie wapi na ziache wapi. Faili hilo lipo mpaka leo, na unaweza kulisoma. Chukua tovuti yoyote unayoitumia, ya gazeti au ya chuo, andika anwani yake, kisha ongeza mkwaju na neno robots.txt mwishoni. Utaona mistari ya User-agent, ambayo hutaja roboti inayoambiwa, na Disallow, ambayo hutaja sehemu isiyoruhusiwa. Soma ya tovuti tatu tofauti. Siku hizi nyingine zina orodha ndefu ya roboti za kampuni za akili bandia zilizokatazwa kuingia. Kumbuka ni ombi tu, si kufuli. Roboti isiyo na adabu inapita.

Tarehe 20 Aprili 1994 Brian Pinkerton wa Chuo Kikuu cha Washington alifungua WebCrawler, ikiwa na kurasa kutoka tovuti zipatazo 4,000. Zikunjue sasa zile kadi ulizokunja: WebCrawler iliingiza kwenye faharasa kila neno la ukurasa, siyo vichwa peke yake. Miezi mitatu baadaye Lycos ikatoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kazi ya Michael Mauldin, na ilianza na kurasa 54,000. Infoseek na Excite zilikuwa katika msafara huo huo. Hizi usizikariri.

Yahoo ilikuwa watu

Wengi wakisikia Yahoo ya zamani wanaiweka kundi moja na Lycos. Itenge. Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford, walianza mwaka 1994 kukusanya tovuti walizozipenda na kuzipanga kwa mada, na kwa miaka kadhaa Yahoo iliendelea kuwa saraka: tovuti zilisomwa na binadamu na kuwekwa kwenye rafu yake. Neno ulilotafuta lililinganishwa na majina na maelezo mafupi ya saraka hiyo, wala si na kurasa zenyewe.

Kuiona, fungua web.archive.org. Hii ni Wayback Machine ya Internet Archive, shirika lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, na kwa somo hili ndiyo maktaba yetu. Kwenye kisanduku chake andika yahoo.com. Juu utaona mstari wa miaka, bonyeza 1996. Chini inatokea kalenda, na siku zenye duara ndizo zilizohifadhiwa. Bonyeza mojawapo ya miezi ya mwisho wa mwaka. Ukurasa ukifunguka, usiguse kisanduku cha kutafuta, hakifanyi kazi, kwa sababu kilichohifadhiwa ni sura ya ukurasa na si mtambo uliokuwa nyuma yake. Tumia viungo. Ingia Regional, kisha Countries, shuka mpaka Tanzania au Kenya. Njiani angalia tarehe kwenye anwani iliyo juu: Wayback ikikosa ukurasa wa siku uliyochagua inakurusha kwenye tarehe iliyo karibu, mara nyingine mwaka au miaka miwili mbele, bila kupiga kelele. Usichanganye.

Mkiwa kule kwenye rafu za nchi, hesabuni. Tovuti ngapi zimeorodheshwa chini ya Tanzania? Ngapi zimeandikwa na Watanzania? Ngapi ni za kampuni za utalii za Ulaya? Hapa darasa langu huwa linachangamka, maana swali lile la nani kaachwa nje linaonekana kwa macho. Mtu aliyepanga rafu alikuwa California, akapanga alichokifikia.

Ukishazoea mashine hiyo ya kumbukumbu, fungua humo humo www.yale.edu/swahili, uone kamusi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale na kujulikana kama Kamusi Project. Ni miongoni mwa mambo makubwa ya Kiswahili yaliyokuwepo kwenye wavuti ya miaka ile.

AltaVista, na kazi ya kuchagua maneno

Hapa ndipo nakuomba utulie zaidi. AltaVista ilifunguliwa tarehe 15 Desemba 1995 na kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Palo Alto, California. Louis Monier aliandika roboti, wakaiita Scooter. Mike Burrows aliandika programu ya faharasa. Digital walikuwa wanauza kompyuta zenye vichakato vya Alpha na walitaka dunia ione uwezo wake. Dunia iliona. Kufikia 1998 mitambo yake ilikuwa na kumbukumbu ya muda ya gigabaiti 130 na diski za gigabaiti 500, ikijibu maswali milioni 13 kwa siku. Diski ya ukubwa huo leo iko ndani ya kompyuta mpakato ya mwanafunzi.

Mimi nilikutana nayo nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ile ya tisini, kwenye intaneti kafe iliyokuwa maeneo ya Posta. Ulikuwa unalipia muda, na ukurasa ulishuka kipande kwa kipande kupitia setilaiti. Nilikuwa naandika kuhusu kilimo cha mwani cha Paje na Jambiani. Neno seaweed lilileta lundo: mapishi ya Kijapani, vipodozi, watu wa kufuga samaki kwenye matangi ya vioo. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa akisoma sayansi ya bahari, aliniambia niende kwanza maktaba. Nikakuta ripoti ya kilimo, na ndani yake jina la kitaalamu la aina ya mwani inayolimwa kule, Eucheuma. Niliporudi nikaandika

+Eucheuma +Zanzibar

na orodha iliyotoka ilikuwa fupi, karibu yote inanihusu. Mpaka leo wanafunzi wangu hawashiki kibodi kabla hawajaandika kwenye karatasi maneno matatu ambayo ukurasa wanaoutaka lazima uwe nayo. Swali ninalowapa ni hili: aliyeandika ukurasa huo ni nani, naye angetumia neno gani? Mtaalamu wa bahari haandiki kama mwenye hoteli. Neno adimu ambalo mtaalamu analitumia kila siku lina thamani kuliko maneno kumi ya kawaida.

Alama za AltaVista jifunze, kwa sababu kila moja ni amri juu ya ile faharasa yako ya karatasi. Alama ya kujumlisha iliyobanwa na neno ilimaanisha lazima neno hilo liwemo. Alama ya kutoa ilimaanisha lisiwemo. Ukiandika +seaweed -sushi unaondoa mapishi. Maneno ndani ya alama za mtajo, kama "seaweed farming", yalitakiwa yafuatane vile vile. Ukianza na title: unatafuta kwenye kichwa cha ukurasa peke yake, host: inabakiza kurasa za seva uliyoitaja, link: inakuletea kurasa zenye kiungo cha kwenda kwenye anwani fulani. Kulikuwa pia na kanuni ya herufi kubwa. Ukiandika zanzibar kwa herufi ndogo unapata zanzibar, Zanzibar na ZANZIBAR. Ukiandika Zanzibar unapata hiyo tu.

Halafu kinyota. Ukiandika farm* AltaVista ilikuletea farm, farmer, farmers, farming. Kwa Kiingereza ni msaada mkubwa, maana Kiingereza hubadilisha maneno mengi mwishoni. Rudi sasa kwenye alama ya kwanza uliyoweka. Mkulima, wakulima. Kitabu, vitabu. Analima, walilima, tutalima. Kiswahili kinabadilika mwanzoni, na kinyota hakikuruhusiwa kukaa mwanzoni. Kilihitaji herufi zisizopungua tatu kabla yake. Sababu ni ya kiufundi kabisa na unaweza kuiona kwenye karatasi yako. Faharasa imepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo maneno yote yanayoanza na "wak" yamekaa pamoja na ni rahisi kuyaokota. Yanayoishia na "lima" yametawanyika kuanzia A mpaka Z. Kuyapata inabidi usome orodha yote. Mtu wa Kiswahili alilazimika kuandika kila umbo kwa mkono: mkulima wakulima kilimo. Jaribu zoezi hili: chagua kitenzi kimoja, tuseme "soma", uandike maumbo kumi ambayo ungelazimika kuyataja ili usikose ukurasa. Utaelewa mengi kuhusu lugha yetu na mashine zilizojengwa bila kuifikiria.

Kuona sura yenyewe, rudi Wayback Machine uandike altavista.digital.com, mwaka 1996. Usiandike altavista.com kwa miaka hiyo. Anwani hiyo ilikuwa ya kampuni nyingine mpaka iliponunuliwa mwaka 1998. Fungua ukurasa wa msaada, Help, usome maelezo ya alama hizo kwa maneno ya wenyewe. AltaVista ilipita mikononi mwa kampuni kadhaa ikaishia kwa Yahoo, iliyoifunga Julai 2013.

Alama ya pili: nani akae juu

Rudisha kadi ya 3 mezani. Faharasa kubwa ilitatua kazi ya kukusanya, ikaiacha kazi ya kupanga. Injini za katikati ya miaka ya tisini zilipanga kwa kutazama maneno ya ukurasa wenyewe: neno limetajwa mara ngapi, liko kwenye kichwa au la, liko juu au chini. Wenye tovuti walipoligundua hilo wakaanza kurudia neno mara mia kwa rangi nyeupe juu ya usuli mweupe, msomaji halioni, roboti inalihesabu. Hali ilifika pabaya kiasi kwamba Sergey Brin na Larry Page, waanzilishi wa Google, waliandika kwamba Novemba 1997, kati ya injini nne kubwa za kibiashara, ni moja tu iliyoweza kujipata yenyewe kwenye majibu kumi ya mwanzo ukiitafuta kwa jina lake.

Chukua kalamu. Chora mshale kutoka kadi ya 1 kwenda kadi ya 2, kana kwamba ukurasa wa wakulima umeweka kiungo cha habari ya bei. Ongeza kadi mbili nyingine, moja ya chuo na moja ya gazeti, zote zikielekeza mishale kwa kadi ya 2. Kadi ya 3 haielekezwi na yeyote. Sasa panga kwa mishale, acha kuhesabu maneno: kadi ya 2 iko juu, tangazo limezama. Halafu ongeza kanuni moja: mshale unaotoka kwa ukurasa ambao wenyewe umeelekezewa mishale mingi uwe na uzito zaidi. Huo ndio moyo wa PageRank, ambayo Page na Brin waliijenga Stanford kuanzia 1996. Injini yao ilipoelezwa kwa maandishi mwaka 1998 ilikuwa na kurasa milioni 24. Robin Li, aliyekuja kuanzisha Baidu ya Uchina mwaka 2000, alikuwa na RankDex iliyotumia viungo namna inayofanana tangu 1996, kwa hiyo tusiseme wazo lilikuwa la watu wawili tu.

Mishale nayo ina upungufu. Ukurasa mzuri kabisa wa mtu wa kisiwa cha Mafia anayeandika kuhusu pweza, usio na kiungo chochote kutoka nje, kwenye karatasi yako utakaa chini kabisa. Mchore uuone.

Ufanye nini leo na haya yote

Jaribu alama za zamani kwenye injini za sasa. Alama za mtajo zinafanya kazi Google, alama ya kutoa inafanya kazi, site: na intitle: zinafanya kazi. Alama ya kujumlisha Google waliiondoa mwaka 2011. Weka neno moja ndani ya alama za mtajo badala yake. Andika site:ac.tz mwani uone vyuo vya Tanzania vina nini, kisha site:go.tz mwani kwa taasisi za serikali. Hapo unatumia akili ile ile ya host: ya AltaVista.

Ukitaka kulinganisha injini, chagua zenye faharasa tofauti. DuckDuckGo hupata sehemu kubwa ya majibu yake kutoka Bing, kwa hiyo kulinganisha hizo mbili hakutakufunza sana. Linganisha Google, Bing na Mojeek ya Uingereza, yenye roboti na faharasa yake. Ongeza Marginalia, kazi ya Msweden mmoja, inayopendelea tovuti za maandishi zilizojengwa kwa namna ya zamani. Kwa Kiswahili itakupa kidogo sana, lakini kwa mada ya Kiingereza utakutana na kurasa ambazo hujawahi kuziona.

Kwa zoezi la mwisho chagua kitu cha kwenu unachokijua vizuri, zao, mtaa, ngoma, soko. Andika kwenye karatasi maneno matano ambayo ukurasa mzuri wa jambo hilo lazima uwe nayo, pamoja na maumbo yake ya umoja na wingi. Tafuta kwa injini tatu, andika majibu kumi ya mwanzo ya kila moja, na uweke alama penye ukurasa uliotokea kote. Kisha ufikirie ukurasa mmoja unaojua upo na haujatokea popote. Fungua anwani yake moja kwa moja, soma robots.txt yake, tazama kama kuna maneno yoyote ndani yake au ni picha tupu ya maandishi ambayo roboti ya 1994 isingeweza kuisoma, na uulize kama kuna tovuti yoyote iliyowahi kuuwekea kiungo. Kama una tovuti yako, kiweke.